Ferrari ya manjano na ugonjwa wa zinki

Wasomaji wetu wa kambi zote wanajua motokari ya nsinga. Mutoto anaokota nsinga, anaikunja kwa mikono, anatia vifuniko vya chupa kuwa magurudumu, anafunga fimbo ndefu ya kuongozea, na jioni iko barabarani. Hakuna mutu aliyemufundisha. Anaangalia kamio ya mugodi inapita, anashika umbo lake mu kichwa, basi.

Mu Ulaya, mu Marekani na mu Japani kuko watu wazima, tena wazee wenye mvi, wanaofanya kazi ya namna ileile. Wanajenga motokari ndogo za mashindano ya zamani. Wao hawaokoti nsinga: wananunua katoni yenye vipande, na kazi yao ni kuviunga. Wafransa wanaita kitu hicho maketi, na sisi tutasema vile. Kuko mutu anayepitisha miezi sita juu ya motokari moja inayoenea mu kiganja. Tumeona vizuri kuandika habari zao, kwa sababu mu maketi hizo muko vyuma ambavyo watu wa Katanga wanavijua kuliko wale wanaovichezea.

Kwanza tueleze kipimo. Maketi ya 1/43 maana yake motokari ya kweli imegawanywa mara 43. Motokari ya metre 4,30 inabaki sentimetre 10. Iko kipimo cha 1/24, ya plastiki mara nyingi, na iko cha 1/12, ambacho ni kikubwa: unaona ndani nsinga za mutambo, unaona viti na mabomba. Kampuni Tamiya ya Shizuoka, mu Japani, ambayo mu 1946 ilianza na biashara ya mbao, ilitoa mu 1967 Honda ya mashindano kwa kipimo hicho cha 1/12. Watu wa Tamiya hawachezi na vipimo. Walipotaka kufanya maketi ya Porsche, walinunua Porsche 911 nzima na kuifungua yote, kipande kwa kipande, wapate kuipima. Mekanisie yeyote wa garage atasikia moyo wake unapiga.

Lakini si kila motokari unaweza kuinunua na kuifungua. Zingine hazipo tena. Hapa njo habari yetu inafika ku Kongo.

Kulikuwa Mubelgiji mumoja, Olivier Gendebien. Nyuma ya vita alikuja kufanya kazi ya miti ya pori mu Kongo, miaka mine. Ni ku Stanleyville, Kisangani ya leo, ambako alikutana na Charles Fraikin, mwendeshaji wa rally aliyekuwa anatafuta mwenzake wa kukaa pembeni yake mu motokari. Gendebien akakubali. Hakukaa pembeni siku nyingi. Alirudi Ulaya, akashika usukani mwenyewe, na mu mashindano ya saa 24 ya Le Mans alishinda mara ine: 1958, 1960, 1961 na 1962, zote na Ferrari. Ya 1960 aliendesha pamoja na Mubelgiji mwenzake Paul Frère. Zile tatu zingine pamoja na Mwamerika Phil Hill. Alikufa mu 1998.

Mu mwezi wa 6 wa 1961, ku Spa mu Ubelgiji, Ferrari ilileta motokari ine za namna ya 156. Ni ile ambayo pua yake imepasuka sehemu mbili, sawa tundu za pua ya samaki papa. Tatu zilikuwa nyekundu, rangi ya Italia. Ya Gendebien ilipakwa manjano. Wakati ule kila inchi ilikuwa na rangi yake mu mashindano: Ufaransa bluu, Uingereza majani, Ubelgiji manjano. Zote ine zilimaliza mbele ya wengine: Hill wa kwanza, von Trips wa pili, Ginther wa tatu, Gendebien wa ine. Tusiseme alikuwa muzito. Wale wenzake watatu walikuwa na moteri mupya, V6 ya pembe 120; yeye walimupatia ya zamani, ya pembe 65. Mugeni nyumbani anakula kinachobaki.

Basi, ile motokari ya manjano iko wapi leo? Haiko. Ferrari ilivunja zote za namna ya 156, hata moja ya kweli haikubaki. Zile zinazoonekana mara mbaya mara nzuri mu maonyesho ni kopi zilizojengwa nyuma. Ndiyo sababu mujenzi wa maketi anayetaka Ferrari ya Gendebien hawezi kwenda mu museyo na metre yake. Anakusanya picha za zamani. Anauliza: manjano ilikuwa ya namna gani, nyeupe-nyeupe ao ya yai? Kifuniko cha moteri kilikaa vipi, kwa kuwa moteri ya pembe 65 ni nyembamba na inapanda juu kuliko ile ya 120? Picha nyingi za wakati ule hazina rangi. Watu wanagombana miaka juu ya mambo hayo, na sisi hatuwacheki: kitu kikivunjwa, anayekikumbuka kwa vipimo vya kweli anafanya kazi ya maana.

Sasa tuingie mu fondri, maana hapo wasomaji wetu wako nyumbani.

Maketi nyingi za 1/43 zinatengenezwa kwa chuma cheupe, mchanganyiko wa etani na vyuma vingine, mbele sana ulikuwa na risasi ndani. Etani inayeyuka ku degre 232 tu, kwa hiyo haiombi tanuru kubwa. Kalibu ni ya mpira, mviringo, na vipande vyote vimechorwa ndani yake. Inazungushwa mbio, chuma kinamiminwa katikati, na nguvu ya kuzunguka inakisukuma mpaka mu kila kona. Hakuna mashini ya bei kali. Njo maana tangu miaka ya 1970 mafundi wadogo wa Uingereza, Ufaransa na Italia waliweza kufanya hii kazi na watu wachache.

Mujenzi akifungua katoni anapata vipande vyenye makovu ya kalibu. Anavisugua na tupa, anaviosha na sabuni juu mafuta yatoke, anavipima bila kole kwanza. Fundi muzuri anaunga body yote bila kole, arudi kuifungua, mara tatu, mara ine. Halafu anapaka rangi ya chini, anaacha ikauke, anasugua, anapaka tena. Namba na maandishi madogo yanawekwa mwisho, yakiwa na maji, kwa ncha ya brosi. Ukiharakisha hapo, kazi ya wiki nne imeharibika kwa dakika moja.

Na hapa tunaomba mama za nyumba wasome vizuri. Maketi za zamani za chuma cheupe ziko na risasi. Vumbi lake ku meza ya chakula ni sumu, zaidi kwa mutoto mudogo. Muzee akitaka kusugua, asugue na maji, mbali na jiko, anawe mikono mbele ya kugusa mukate. Rangi na kole nazo zinaomba dirisha wazi. Mutu aliyepumua vumbi mu kazi muchana kutwa hana lazima ya kupumua ingine magaribi.

Kuko pia wale ambao hawajengi, wanakusanya. Wanatafuta zaidi motokari za Dinky Toys za mbele ya vita ya 1940, kati yao Mercedes na Auto Union za mashindano, zilizomiminwa kwa zinki. Wanalipa bei kubwa. Na wengine, siku moja, wanafungua kabati na kukuta motokari imevimba, imepasuka mistari-mistari, magurudumu yamekuwa unga. Hakuna mutu aliyeigusa.

Ni ugonjwa wa zinki. Zinki ya kumimina inachanganywa na aluminiyamu, karibu 4 kwa 100. Kama ndani yake risasi imeingia, hata kidogo sana, chuma kinaanza kujila chenyewe kati ya chembe zake, pole-pole, na joto na unyevu vinaharakisha. Mu miaka ya 1920 kampuni New Jersey Zinc ya Marekani ilitengeneza mchanganyiko unaoitwa zamak, jina linalotoka ku herufi za Kijermani za zinki, aluminiyamu, magnesiyamu na shaba. Sharti lake la kwanza ni zinki safi ya 99,99 kwa 100. Risasi inayokubaliwa haipiti sehemu 5 mu sehemu 100 000. Mara nyingi viwanda vya michezo vya wakati ule vilirudisha mabaki mu chungu, na risasi ikaingia pamoja nayo.

Watu wa Kipushi wanajua namna zinki na risasi zinavyopenda kutembea pamoja mu mawe. Wanajua pia bei ya kuzitenga. Siku wanaposikia laboratware inakataa chuma juu ya kitu ambacho jicho halikioni, wafikiri ile Auto Union ndogo mu kabati.

Ugonjwa huo hauna dawa, lakini hauambukizi motokari iliyo pembeni. Anayetaka kununua ya zamani aigeuze kwanza, aangalie chini, ambako rangi ni nyembamba. Atafute mistari myembamba sawa nywele. Apime urefu wake na ile inayoandikwa mu kataloge: chuma kigonjwa kinaongezeka, kinakunjika kidogo kama upinde. Kisha aangalie magurudumu, maana hapo ndipo ugonjwa unaonekana mbele. Akiona moja tu ya hayo, arudishe motokari ku meza, afunge pochi, na aende.