Frank, spana na kidole cha Mungu

Dominika hii naomba tuzungumzie filamu, tena si ya maisha ya Yesu wala ya mtakatifu yeyote. Inaitwa Super. Iliandikwa na kuongozwa na Mmarekani James Gunn, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, mwaka 2010. Kwa viwango vya Hollywood ni filamu ya kimaskini: iligharimu kama dola milioni 2.5, wakati filamu kubwa za mashujaa hula zaidi ya milioni 100. Ni ya kuchekesha na ya mapigano kwa pamoja. Natahadharisha mapema kwamba si ya watoto. Ina damu nyingi na matusi, na ina vipande vya uchafu ambavyo mzazi hataki vionekane sebuleni kwake. Nami nitaisimulia mpaka mwisho.

Kwa nini basi niiandikie hapa? Kwa sababu vijana wetu wanaitazama kwenye simu zao, na mmoja wao aliniuliza baada ya Misa swali ambalo halijibiki mlangoni mwa kanisa: “Padre, Mungu hawezi kumtuma mtu awaadhibu waovu? Mbona Daudi alitumwa?”

Mhusika mkuu ni Frank, mpishi wa mgahawa, mtu mpole asiye na mvuto wowote. Anasema maishani mwake amepata siku mbili tu za furaha kamili. Ya kwanza ni siku aliyofunga ndoa na Sarah. Ya pili ni siku alipomwonyesha polisi njia aliyokimbilia mwizi. Amezichora zote mbili kwa rangi, kama mtoto wa chekechea, akazibandika ukutani. Sarah alikuwa amenasuka kwenye dawa za kulevya. Anatokea bwana mmoja anayeitwa Jacques, mwenye klabu ya usiku na muuza unga, anamrudisha Sarah kwenye dawa na kumchukua. Frank anakwenda polisi. Anaambiwa mkewe ameondoka kwa hiari yake, hakuna kosa la jinai, arudi nyumbani. Anajaribu kumvuta mkewe kwa mikono yake, anapigwa na walinzi wa Jacques mpaka hoi.

Hapo anapiga magoti na kusali. Kwangu mimi hiki ndicho kipande bora cha filamu nzima, na sikutegemea kukikuta katika filamu ya namna hii. Analia kwa kamasi. Anamuuliza Mungu kwa nini alimuumba vile alivyo, kwa nini wengine wamepewa na yeye hakupewa, anaomba arudishiwe mkewe. Hakuna maneno ya kupendeza katika sala ile. Ningependa waamini wangu wengi zaidi wasali hivyo, badala ya kumpelekea Mungu hotuba.

Usiku ule anapata maono. Paa linafunguka, kichwa chake kinapasuliwa, kidole cha Mungu kinashuka na kuugusa ubongo wake. Anatokea pia shujaa wa kipindi cha televisheni ya Kikristo, kipindi cha ovyo ambacho Frank hukitazama, na kumweleza kwamba wapo watoto wa Mungu walioteuliwa. Frank akiamka ana jibu tayari. Anashona vazi jekundu, anajifunika uso, anajiita Crimson Bolt, yaani Radi Nyekundu, na baada ya kupigwa siku ya kwanza anatafuta silaha. Anachagua spana kubwa ya fundi bomba.

Basi anaanza kazi. Anampasua muuza unga, anampasua mtu anayewaharibu watoto, nasi watazamaji tunacheka na kushangilia. Kisha inakuja foleni ya sinema. Bwana mmoja na mpenzi wake wanaingia katikati ya foleni, Frank analalamika, wanampuuza. Frank anaondoka kwenda kwenye gari lake. Anahangaika mle ndani kuvaa vazi lake, na kituko hicho kinatuchekesha sana. Anarudi na kumpasua yule bwana kichwa kwa spana, kisha mpenzi wake naye anapigwa. Kwa kosa la kuruka foleni.

Kicheko kinakwama kooni, nadhani mwongozaji alikusudia hivyo. Mkono ni uleule na spana ni ileile. Kwa Frank, mharibu watoto na mruka foleni wamo kwenye daftari moja, kwa sababu daftari analishika mtu mmoja mwenye uchungu, na hakuna wa kumuuliza.

Turudi kwenye maono, maana swali la kijana lilikuwa huko. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alimsimulia mwenzake habari ya jambo lililompata mwaka 1522, akiwa ameongoka karibuni. Alikuwa safarini kwenda Montserrat, amepanda nyumbu. Akakutana na Mwislamu mmoja njiani, wakajadiliana juu ya Bikira Maria. Yule bwana alikubali kwamba Maria alichukua mimba akiwa bikira, lakini hakukubali kwamba alibaki bikira katika kuzaa. Wakaachana, yule akatangulia. Inyasi akaanza kuchemka moyoni. Akaona ameshindwa kuitetea heshima ya Mama wa Mungu, akawaza amfuate amchome kisu. Hakujua la kufanya. Mwishoni akaamua kuachia hatamu: kwenye njia panda, nyumbu akifuata njia ya kijiji alikokwenda yule bwana, atamchoma, akifuata barabara kuu, atamwacha. Kijiji kilikuwa karibu sana na njia yake ilikuwa pana na nzuri. Nyumbu akafuata barabara kuu.

Inyasi hakulisimulia hili ili ajisifu kwamba Mungu alisema naye kwa nyumbu. Alilisimulia uzeeni kama mfano wa roho yenye moto wa kumtumikia Mungu lakini bado kipofu. Baada ya hapo alitumia maisha yake yote kufundisha watu namna ya kupambanua roho: sauti hii inatoka wapi, inanipeleka wapi, inaniachia amani au kishindo, na je, niko tayari kumweleza mtu mwingine aipime? James Gunn mwenyewe alilelewa katika familia ya Kikatoliki na kusoma sekondari ya Wajesuiti mjini St. Louis. Sijui kama nyumbu huyu alimfikia darasani. Lakini Frank ni Inyasi ambaye nyumbu wake alishika njia ya kijiji.

Angalieni Frank hakumweleza mtu yeyote maono yake ili ayapime. Alikwenda moja kwa moja duka la vitabu vya katuni kutafuta mifano ya mashujaa. Na ujumbe alioupata ulifanana mno na alichokuwa anakitaka tayari. Mungu wa Biblia akimwita mtu, mara nyingi humpeleka asikotaka: Yona kwa Waninawi ili waokoke, Anania kwa Saulo ili amwekee mikono. Ukisikia sauti inayokuruhusu kumpiga yuleyule uliyekwisha kumchukia, ichunguze mara mbili. Ama Daudi, kijana wangu, alikwenda bondeni mbele ya majeshi mawili, kwa ruhusa ya mfalme, akiwa uso wazi. Hata huyo, baadaye alikatazwa kumjengea Mungu hekalu kwa sababu ya damu aliyoimwaga (1 Nyakati 22:8).

Sitaki kumwonea Frank. Kosa alilotendewa ni la kweli, na ofisi aliyoikimbilia haikumsaidia. Kanisa halijamfundisha mtu kukaa kimya. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anakubali kwamba mtu anaweza kujitetea hata kwa nguvu, mradi asizidishe kiasi kinachohitajika, na Katekisimu inafuata njia hiyo. Anaendelea mbele zaidi, jambo ambalo lilitushtua sana tulipolisoma seminarini: anasema kuna kulipiza kunakoweza kuwa fadhila, kama nia ni kumrekebisha mkosaji au kuwalinda wengine, si kuufurahia uchungu wake. Lakini anapouliza kama mtu binafsi anaweza kumuua mhalifu, anajibu hapana. Kazi ya kuhukumu ni ya wenye dhamana ya jamii nzima. Hasemi hivyo kwa sababu mhalifu hastahili adhabu. Anasema hivyo kwa sababu mimi sijakabidhiwa.

Na hasira iende wapi? Iende katika Zaburi. Wengi hatuzijui Zaburi za laana kwa sababu ilipotolewa upya Liturujia ya Vipindi baada ya Mtaguso, tatu ziliachwa kabisa: ya 58, ya 83 na ya 109. Naelewa sababu, zinatisha. Ile ya 109 inamtakia adui maisha mafupi, mke mjane na watoto ombaomba. Lakini ni sala. Aliyeitunga alikuwa na spana moyoni mwake akaikabidhi kwa Mungu, aitumie au asiitumie apendavyo. Mtume Paulo anawaambia Warumi jambo hilohilo (12:19), kwamba kulipa kisasi wamwachie Mungu. Wiki ile ya kwanza Frank alihitaji Zaburi ya 109, na mtu wa kukaa naye jikoni akiisoma.

Kwetu hapa hatuna mavazi mekundu. Tuna kelele ya “mwizi!”, mawe, na tairi. Magazeti yana jina la heshima kwa wahusika: wananchi wenye hasira kali. Nimewahi kuzika kijana aliyeuawa hivyo kwa sababu ya simu. Kama aliiba au hakuiba, hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza. Mama yake alikuwa wa jumuiya yetu ndogondogo, na alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba baadhi ya waliosimama kando ya kaburi wakiimba walikuwepo pia jioni ile barabarani. Hakuna aliyemtazama usoni. Alipopita kutupa udongo, alisimama mbele ya kijana mmoja, akamshika mkono, akamwambia ahsante kwa kuja. Yule kijana akaanza kutetemeka, ikabidi wenzake wamtoe.

Hawa si watu wabaya kuliko mimi na wewe. Wengi wamewahi kuibiwa, wamewahi kupeleka taarifa wakazungushwa, wamemwona mtuhumiwa akirudi mtaani siku ya pili akitabasamu. Wana hoja. Hata Frank ana hoja. Lakini katika kundi la mtaani kila mmoja ana jiwe moja tu, na kila mmoja anaamini jiwe lake silo lililoua. Frank angalau anajua alichofanya.

Usiku ule bustanini mmoja wa wanafunzi alikuwa na upanga, na Yohana anatuambia alikuwa Petro. Alimkata sikio mtumishi wa kuhani mkuu, mtu aliyeitwa Malko. Luka anasema Yesu aliligusa sikio lile na kuliponya. Ndio muujiza wa mwisho wa kuponya tunaousoma kabla ya msalaba, na alimfanyia mtu aliyejeruhiwa na mfuasi wake mwenyewe, kwa jina la kumtetea yeye. Nikiwa padre nawaza mara kwa mara ni masikio mangapi ambayo Bwana anaendelea kuyarudisha nyuma yetu.

Frank anapata msaidizi, Libby, binti wa lile duka la katuni. Yeye haendi kwa uchungu, anakwenda kwa raha. Karibu amuue mtu ambaye anashuku tu kwamba alichubua rangi ya gari la rafiki yake, na Frank inambidi amzuie, akishangaa. Ndivyo ilivyo: aliyeanza kwa machozi hufuatwa na anayecheka. Wanavamia shamba la Jacques pamoja. Libby anapigwa risasi ya uso, anakufa papo hapo, na filamu inaacha kuchekesha. Frank anawaua waliobaki mmoja mmoja. Anapomfikia Jacques, anamsomea sheria zake, na kuruka foleni kumo pamoja na kuuza unga na kuharibu watoto, kisha anamchoma kisu mara nyingi mno.

Anampata Sarah. Sarah anarudi nyumbani, anakaa miezi michache kwa kuona ana deni, kisha anaondoka tena. Anaachana na dawa, anaolewa na mtu mwingine, anazaa watoto wanne. Frank anajieleza kwamba hao watoto ndio sababu ya yote, kwamba aliteuliwa ili wao wazaliwe. Watoto wanamtumia picha wanazochora. Ukuta wake uliokuwa na picha mbili sasa umejaa picha za siku za furaha, na za siku alizokuwa na Libby zimo. Anakaa kitandani na sungura wake, peke yake, anautazama ukuta, na chozi linamtoka. Unaweza kuliita la furaha, na muziki unakusukuma huko. Mimi naona anamlilia Libby.