Maiti Iliyotoweka Bwawani

Mara ya kwanza nilipotazama filamu ya Kifaransa iitwayo Les Diaboliques, niliketi na jamaa aliyekwisha kuiona. Hatujafika hata katikati, akanitobolea siri. Sijamsamehe hadi leo.

Filamu hiyo aliiongoza Henri-Georges Clouzot, ikatoka mwaka 1955. Michel ni mwalimu mkuu wa shule ya bweni, jeuri na bahili, mtu wa kuwalisha watoto samaki waliooza. Shule yenyewe ni mali ya mkewe, Christina, mwanamke mpole mwenye ugonjwa wa moyo. Hawara yake, Nicole, anafundisha papo hapo shuleni, na huvaa miwani myeusi kuficha jicho alilopigwa. Wanawake hawa, ambao tungetazamia washikane nywele, wanakula njama ya kumuua. Wanamvuta hadi mji wa Niort, wanamnywesha pombe iliyotiwa dawa, kisha wanamzamisha katika hodhi la kuogea. Maiti inarudishwa ndani ya tenga kubwa na kutoswa usiku katika bwawa la kuogelea la shule.

Bwawa linapokaushwa, maiti hamna. Kisha dobi analeta suti ya marehemu.

Wengi husifu ule mwisho wake. Mimi naona ujanja umefanyika mapema zaidi: Clouzot ametushirikisha katika mauaji. Tunamchukia Michel, tunawaombea wauaji wasikamatwe, tunashika roho mkononi gari lenye tenga linaposimama njiani. Na mwenye hatia huwaza jambo moja tu: nani ameniona? Nasi tunawaza hilo hilo, kumbe swali lililotupasa kuuliza lilikuwa jingine kabisa. Wala hakuna muziki wa kutuandaa. Ukiacha majina ya mwanzo na ya mwisho, tunasikia maji, mabomba na nyayo.

Aliyeigiza Christina ni Véra, mke wa Clouzot mwenyewe. Alifariki mwaka 1960, kwa moyo.

Filamu ikiisha, yanatokea maandishi yakituomba tusiwaharibie rafiki zetu kwa kuwasimulia tulichokiona. Ombi hilo lilichukuliwa kwa uzito: mwaka 1960 Alfred Hitchcock naye aliwataka watazamaji wa Psycho wasifichue mwisho wake, na waliochelewa hawakuruhusiwa kuingia.

Nilimwonyesha yule jamaa yangu maandishi hayo. Akanijibu kwamba yeye hajui Kifaransa.