Dirisha la Faragha: Linakuficha kwa Nani Unapotuma Pesa?

Leo tuweke pembeni viwango vya kubadilisha fedha, tuongelee laptopu ya kuazima.

Mwenzetu mmoja anayefanya kazi Muscat aliazima laptopu ya mwenzake wa chumbani ili atume ada ya mdogo wake. Alipomaliza alifunga ukurasa, akairudisha na kushukuru. Dakika chache baadaye mwenye laptopu akafungua tovuti ileile, akakaribishwa kwa jina la mwenzake pamoja na orodha ya pesa zote alizotuma miezi ya nyuma. Hakuna hata baisa iliyoibiwa. Ila kufika usiku chumba kizima kilishajua anatuma rial ngapi, na kesho yake wakopaji wakapanga foleni.

Kivinjari, yaani programu kama Chrome, Firefox, Safari au Edge, hutunza kumbukumbu: kurasa ulizofungua, ulichoandika kwenye fomu, na vidakuzi, vile vifaili vidogo vinavyoiambia tovuti kwamba bado ni wewe. Kufunga ukurasa hakuvifuti.

Hapo ndipo dirisha la faragha linapofaa. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja kama unatumia Chrome au Edge. Kwenye Firefox ni Ctrl, Shift na P. Kwenye Chrome ya simu, gusa nukta tatu na utaliona kwa jina la Incognito. Ukimaliza na kulifunga, kivinjari kinafuta historia, vidakuzi na ulichoandika kwenye fomu.

Ila kuna mambo manne watu huyasahau:

1. Bonyeza kwanza kitufe cha kutoka kwenye akaunti, halafu funga madirisha yote ya faragha. Likibaki moja wazi, vidakuzi bado vipo. Kwenye simu, kutoka tu kwenye app hakutoshi, funga kurasa zenyewe.

2. Risiti uliyopakua inabaki kwenye mashine, na ina jina lako, la mpokeaji na kiasi. Jitumie kwa barua pepe, kisha ifute, na pipa la taka la kompyuta ulimwage pia.

3. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi paswedi, kataa.

4. Kwa kuwa historia haibaki, andika kwenye daftari lako tarehe, kiasi, ada ya kutuma, kiwango cha siku hiyo na namba ya muamala. Pesa ikichelewa kufika, namba hiyo ndiyo utakayoulizwa.

Sasa tuseme ukweli wa upande wa pili. Dirisha hili linafagia nyayo zako ndani ya nyumba, barabarani halifagii. Mwenye waifai, awe bosi wako au hoteli, bado anaweza kujua umeingia tovuti gani. Kompyuta ya kazini yenye programu ya ufuatiliaji inaweza kuona zaidi ya hapo. Kama mashine ina kirusi kinachorekodi herufi unazobonyeza, paswedi yako imeenda. Na tovuti feki itakuibia humo humo ndani ya faragha, kwa hiyo soma anwani herufi kwa herufi kabla ya kuandika chochote.

Hata watu wazoefu walijichanganya hapa. Mwaka 2020 watumiaji wa Chrome nchini Marekani waliishtaki Google wakidai ilikusanya taarifa zao wakiwa Incognito. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilikubali, katika makubaliano ya kumaliza kesi, kufuta mabilioni ya kumbukumbu na kueleza wazi zaidi mipaka ya dirisha hilo.

Ushauri wetu ni huu: pesa tuma kwa simu yako mwenyewe, yenye kufuli, kwa bando lako. Dirisha la faragha liwe la siku ya dharura, simu inapokuwa kwa fundi na nyumbani wanasubiri. Na kama uliwahi kuazima mashine ukafunga ukurasa tu, usingoje. Leo hii ingia kwenye akaunti, badilisha paswedi, na kama tovuti yako ina sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote, itumie. Ni kazi ya dakika tano, nafuu kuliko kueleza mshahara wako kwa chumba kizima.