Fahamu: Kwa nini wanaume hupata upara

Kinyozi wa Wete huuona upara kabla ya mwenyewe: mteja akivua kofia ya viua, paji limeshapanda pembeni na utosi unang'aa. Mara nyingi ni urithi, wa kuumeni na wa kukeni. Homoni ya DHT, itokanayo na testosteroni, husinyaza mashina ya nywele hadi yatoe malaika tu. Kofia haina kosa, wala jua la kuanika karafuu.

Mabaka ya ghafla ni jambo jingine, nenda hospitali. Kwa upara wa kurithi, minoksidili, iliyoanza kama dawa ya presha, hupakwa kwa miezi kadhaa. Finasteridi humezwa, na baadhi huwapunguzia hamu ya tendo la ndoa. Ukiziacha, nywele hupukutika tena. Mafuta ya karafuu? Yasipozimuliwa huunguza ngozi.