Deki ya Kurekodia Haitateremka Bei, Tusiingoje

Kila chombo kipya kinapoingia duniani, sisi watu wa nchi changa huambiwa tuvute subira: leo ni ghali, kesho kitakuwa rahisi. Mara nyingi ahadi hiyo imetimia. Redio ya transista imeingia katika kila kijiji, na simu ya mkononi imefuata. Lakini iko mashine moja ambayo imengojewa zaidi ya miaka 20 bila kufika: deki ya nyumbani inayorekodi picha angavu za televisheni katika diski. Tunaona vema kueleza sababu zake, maana ndani yake limo somo kwa mwananchi na kwa kiongozi mwenye dhamana ya fedha za umma.

Deki ya kwanza ya namna hiyo, ya mfumo wa Blu-ray, iliuzwa na Sony huko Japani mwezi Aprili 2003 kwa yeni 450,000, yaani zaidi ya dola 3,500 za Marekani wakati huo. Ughali wake ulitokana kwanza na leza. DVD husomwa kwa leza nyekundu, na upande mmoja wa tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Blu-ray hutumia leza yenye mwanga mwembamba zaidi, wa rangi ya buluu ielekeayo zambarau, na tabaka moja hubeba gigabaiti 25. Leza hiyo ilikuwa ngumu kutengeneza, na viwanda vilivyoimudu vilikuwa vichache.

Pili, wenye viwanda waligombana. Toshiba na washirika wake walishika mfumo wa HD DVD, Sony na wenzake wakashika Blu-ray, na diski ya huku haikusomeka kule. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Wanunuzi wengi walikaa pembeni wakingoja mshindi, hata Toshiba iliposalimu amri mwezi Februari 2008. Wakati huo intaneti ilikwisha anza kuchukua nafasi ya diski.

Tatu, makampuni ya filamu yaliogopa kuwa kila nyumba ingegeuka kiwanda cha nakala. Kwa hiyo diski na deki zikatiwa kufuli za siri, na kila kufuli ina leseni ya kulipiwa. Wajapani walipatana mwaka 2008 kuhusu idadi ya nakala ambazo mtazamaji anaruhusiwa kutoa, na soko la deki za kurekodia likaendelea kwao. Huko Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya, madukani zilijaa deki za kuchezea diski tu. Bei ya chombo haiteremki kwa kupita miaka. Huteremka wanunuzi wanapokuwa wengi, mfumo unapokuwa mmoja na kufuli zinapolegezwa. Deki hii ilikosa yote matatu.

Sasa tutazame nyumbani. Ndugu zetu wa Visiwani waliona televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Tofauti hiyo ilitokana na uamuzi wa serikali wala si wa soko. Mkulima wa pamba wa Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, hupata fedha zake kwa msimu, na kabla ya deki yako mambo mengi: ada, mbegu, dawa na bati.

Wako wanaodhani njia ni kuagiza deki iliyotumika kutoka Japani, kama tuagizavyo magari. Tunawatahadharisha. Deki ya Japani hutumia umeme wa volti 100, nao wetu ni 230. Fauka ya hayo, matangazo yetu ya dijitali, ambayo yalianza kuchukua nafasi ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, hufuata mfumo uliobuniwa Ulaya, na deki ya Japani haiuelewi. Anayeinunua atabaki na sanduku la mapambo.

Wala hakuna faida ya kuendelea kungoja. Panasonic iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray mwezi Februari 2023, na Sony ikafuata Februari 2025. Chombo kimezeeka kabla hakijawa rahisi.

Lililo muhimu ni kile ambacho tungekihifadhi. Huko Simiyu, ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu zimo katika kanda za video zilizolala makabatini. Visiwani zimo kanda za taarab, za maulidi na za mikutano ya hadhara. Kanda hizo zinaharibika kwa joto na unyevu, nayo Funai, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Kila deki ya zamani inayokufa hufunga mlango mmoja.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa utamaduni, Bara na Visiwani, wakusanye deki chache za VHS zilizo nzima, wazihamishe kanda hizo katika kompyuta, na waweke nakala mbili mahali pawili tofauti. Kazi hiyo haihitaji mashine ya anasa. Yahitaji chumba kikavu, kijana aliyefundishwa na fungu dogo katika bajeti ya halmashauri. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na safari hii kitakachopotea ni kumbukumbu ya watu wetu.