Roboti ya Kupanda Matope ya Kibugu

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kibugu, Embu. Vijana waliponijia wakitaka tuunde roboti ya kurusha vishale vya sponji, swali langu la kwanza lilikuwa: itatembea wapi? Mvua ndefu ikishuka mwezi Machi, udongo wetu mwekundu hunasa hata bodaboda iliyofungwa minyororo kwenye tairi. Gurudumu jembamba hulemea mahali padogo, likazama. Mnyororo mpana, kama wa tingatinga, husambaza uzito uleule mahali pakubwa, na udongo ukastahimili.

Benjamin Holt wa California alilijaribu jambo hili mwaka 1904, kwa kuwa trekta zake nzito za mvuke zilikuwa zikididimia kwenye mashamba tepetepe ya huko. Vifaru vya vita vilikuja baadaye. Napenda vijana wajue hivyo: mnyororo huu ulifanya kazi shambani kabla ya kwenda vitani.

Wa kwetu tuliutengeneza kwa minyororo ya baiskeli, miwili kila upande, tukaiunganisha kwa vipande vya tairi kuukuu na boliti. Usukani hakuna. Roboti ikitaka kukata kushoto, upande wa kulia husonga mbele huku wa kushoto ukisimama au kurudi nyuma. Wakati huo minyororo huburutwa kimshazari, kwa hiyo fremu ikiwa ndefu na nyembamba mota hunguruma tu bila roboti kugeuka. Niliikata fupi na pana.

Juu yake tulifunga bunduki ya kuchezea. Ndani mna magurudumu mawili madogo yanayozunguka kwa kasi, kila moja upande wake, na nafasi kati yao ni finyu kuliko unene wa kishale, ambao ni milimita 13 hivi. Kishale kikisukumwa hapo hubanwa na kurushwa nje. Baruti hakuna. Tuliipaka rangi ya chungwa ili mpita njia aone mara moja kwamba ni ya kuchezea. Shabaha ni mkebe mtupu, mtu kamwe, na kila aliye karibu huvaa miwani. Hilo halina mjadala karakanani mwangu.

Tuko wanne. Nyaya ni za fundi wa simu. Programu huandikwa na binti aliyemaliza kidato cha nne, kwenye Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki iliyobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Wa nne ni kijana wa gereji, aliyetutafutia mota za waipa kutoka kwa magari yaliyokufa.

Kila kipande kilipopimwa peke yake kilikuwa kizima. Tulipoviunganisha, roboti ilianza kupanda mteremko, ikazima, ikawaka upya, ikazima tena. Mota iliyokwama hufyonza umeme mara nyingi kuliko inayozunguka bila mzigo. Volti za betri hushuka, na Arduino ikikosa nguvu huanza upya. Sasa hapo kosa ni la nani? Programu ilikuwa sawa, nyaya pia. Hitilafu ilikuwa katikati yetu, mahali ambapo hakuna aliyepewa kazi ya kupaangalia.

Tuliketi na karatasi moja, kila mmoja akaeleza kipande chake kinahitaji nini kutoka kwa mwenzake. Fundi wa simu aliipa Arduino betri yake, akaunganisha pande hasi za betri zote mbili. Mimi nililegeza minyororo iliyokuwa ikizilemea mota. Binti alibadilisha programu ili mwendo upande polepole, na bunduki isianze kuzunguka mpaka roboti isimame. Ikapanda.

Mashindano ya roboti ya FIRST Global, yaliyoasisiwa na Dean Kamen na kufanyika kwanza Washington mwaka 2017 kwa zaidi ya nchi 150, huziweka nchi tatu upande mmoja uwanjani. Mpinzani wa raundi hii aweza kuwa mwenzako raundi ijayo. Ningefurahi kuona mashindano ya namna hiyo hapa Embu, Kibugu ikicheza pamoja na Manyatta na Runyenjes.

Kwa sasa vijana wanataka kuing'oa bunduki na kuweka kreti ya kubebea kahawa iliyochumwa, kutoka bondeni hadi barabarani. Binti ameshaniuliza debe likijaa lina uzito gani. Mota za waipa hazitatosha, na fremu itabidi niikate upya.