Mwito wa Mbwa: Sauti, Ishara na Mazoea katika Nyumba za Nakuru

1. Utangulizi

Wanaisimu wamezoea kuichunguza lugha kama chombo cha mawasiliano baina ya watu. Hata hivyo, kila siku mwanadamu huelekeza sauti zake kwa viumbe wasiokuwa watu: mchungaji huwapigia ng'ombe mluzi, mama huwafukuza kuku waliovamia nafaka yake, na mwenye mbwa humwita mbwa wake. Makala haya yanakusudia kulichunguza tendo hili la mwisho, yaani jinsi sauti inavyogeuka kuwa mwito, na jinsi mbwa anavyofundishwa kuja anapoitwa. Mifano yetu inatoka Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha hadi Molo, kwa kuwa huko nyumba moja aghalabu ina lugha zaidi ya moja.

Jambo lenyewe si la mchezo. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kukomesha, ifikapo mwaka 2030, vifo vya watu vinavyosababishwa na kichaa cha mbwa. Nguzo ya kazi hiyo ni kuwachanja mbwa wasiopungua asilimia 70. Sasa, mbwa asiyekuja anapoitwa hafikishwi kwa urahisi mahali pa chanjo, na akizurura ovyo huuma watu au hugongwa na magari katika barabara kuu ipitayo Nakuru. Kwa hiyo swali la mwito ni swali la isimu na la afya kwa pamoja.

2. Ishara moja au nyingi?

Mbwa kwa Mkikuyu ni ngui. Kwa Mmaasai ni oldia. Kwa Mluo ni guok. Kwa Mgusii ni esese. Kwa Mluhya ni imbwa. Watu wa makabila haya yote, pamoja na Wakalenjin, Waturkana na wengineo, wanaishi pamoja Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Tuchukue mfano wa nyumba ambamo bibi husema Kikuyu, mchungaji Kikalenjin, na watoto Kiswahili. Kila mmoja humwita mbwa kwa lugha yake, na kila mmoja hulalamika kwamba mbwa huyo ni kiziwi.

Hata Kiswahili peke yake kina mgawanyiko. Kiswahili sanifu huamrisha kwa umbo lisilofuata kanuni, njoo, lakini katika mazungumzo ya kila siku ya Nakuru tunasikia pia "kuja!" au "kuja hapa!" Kwa msikilizaji binadamu, maumbo haya mawili yana maana moja, kwa kuwa anajua sarufi inayoyaunganisha. Mbwa hana sarufi hiyo. Kwake, njoo na kuja ni sauti mbili zisizohusiana kabisa.

Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, alisisitiza kwamba uhusiano baina ya sauti na maana ni wa nasibu, nao hudumu kwa sababu jamii imekubaliana juu yake. Nyumba ya mwenye mbwa ni jamii ndogo ya namna hiyo. Basi hatua ya kwanza ya mafunzo haimhusu mbwa hata kidogo, inawahusu watu. Ni lazima wakubaliane juu ya sauti moja, na wote waitumie hiyo.

3. Sauti ipi inafaa?

Neno njoo lina sifa njema kadhaa. Linaishia kwa vokali iliyo wazi, ambayo mwitaji anaweza kuirefusha apendavyo. Tena vokali yake ni tofauti na ile ya kaa na lala, amri ambazo zinahitaji kinyume cha mwendo. Amri hizi mbili za mwisho, kwa kuwa zote zina vokali a peke yake, ni rahisi zaidi kuchanganywa. Jina la mbwa nalo, kama vile Simba, huanza kwa kikwaruzo s, sauti kali inayosikika vizuri karibu lakini inayofifia upesi kwa mbali. Ndiyo maana mtu amwitaye Simba kutoka ng'ambo ya shamba huivuta silabi ya mwisho, ingawa mkazo wa kawaida wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwito, basi, huvunja kanuni za mkazo ili ushinde umbali.

Kiimbo nacho kina kazi yake. Mtaalamu wa Marekani, Patricia McConnell, alichapisha mwaka 1990 matokeo ya majaribio kwa mbwa wachanga. Aliona kwamba sauti nne fupi zinazopanda haraka ziliwachochea kwenda zaidi kuliko sauti moja ndefu inayoshuka. Hivyo "njoo-njoo-njoo" ya haraka, ikihesabiwa kuwa mwito mmoja, huvuta. "Njooo" moja nzito inayoshuka, hasa ikiwa na hasira ndani yake, huzuia miguu ileile inayoitwa. Mwaka 2016 watafiti wa Budapest, wakiongozwa na Attila Andics, walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mbwa huchambua neno na kiimbo kila kimoja kwa njia yake, na kwamba sifa humfurahisha pale viwili hivyo vinapoafikiana.

Nje ya maneno kuna mluzi na kidoko. Mluzi una faida kubwa katika nyumba yenye lugha nyingi, kwa sababu si mali ya lugha yoyote, hauchukui lafudhi ya msemaji, na hausaliti hasira yake. Kidoko, ambacho katika Kihadza, Kisandawe na Kidahalo ni konsonanti kamili, katika Kiswahili hubaki nje ya mfumo wa fonimu. Kwa hiyo hakigongani na neno lolote la mazungumzo, ila hakifiki mbali. Ipo pia filimbi aliyoibuni Francis Galton wa Uingereza mwaka 1876. Sauti yake inaweza kupita mizunguko 20,000 kwa sekunde, ambayo ni upeo wa sikio la binadamu, ilhali mbwa husikia hata kufikia mizunguko kama 45,000. Kasoro yake ni kwamba mpigaji mwenyewe hawezi kuthibitisha kama ameitoa sauti ileile ya jana.

4. Namna ya kufundisha

Msingi wa mafunzo ulielezwa na Ivan Pavlov wa Urusi: sauti isiyokuwa na maana hupata maana ikitangulia chakula mara nyingi. Mpangilio ni muhimu. Sauti itangulie, na chakula kifuate mara moja. Chakula kikitangulia, mbwa atajifunza kuutazama mkono badala ya kuisikiliza sauti.

Mafunzo huanzia ndani ya ua, mbwa akiwa hatua mbili tatu tu kutoka kwa mwitaji. Mwito hutolewa mara moja, na mbwa akifika hupewa kipande kidogo cha ini, au dagaa, pamoja na sifa. Baada ya siku kadhaa umbali huongezwa. Kisha mbwa hupelekwa mahali penye vishawishi, akiwa amefungwa kamba ndefu ili asipate nafasi ya kujifunza kwamba kutotii kunawezekana. Mwisho, chakula hutolewa mara kwa mara tu badala ya kila mara, kwani malipo yasiyotabirika huimarisha mazoea.

Makosa makubwa ni mawili. La kwanza ni kuurudia mwito mara kumi bila kitu kufuata: hapo sauti hupoteza maana, kama neno linalotumiwa ovyo. La pili ni kumwita mbwa ili apigwe au afungwe. Mwenye kufanya hivyo amebadilisha maana ya ishara bila kubadilisha sauti yake, na mbwa amemwelewa sawasawa. Wahenga walisema mazoea yana tabu. Ishara iliyoharibika huponyeka kwa shida, na mara nyingi ni heri kuchagua sauti mpya.

5. Mwito kama lahaja

Ushahidi kwamba mwito ni mapatano ya mahali unatoka pia kwa ndege aongozaye watu kwenye asali. Mwaka 1989 H. A. Isack, mtafiti Mkenya, na H.-U. Reyer waliandika juu ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya, ambao humwita ndege huyo kwa mluzi uitwao fuulido. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walilinganisha Wayao wa Niassa, Msumbiji, na Wahadza wa Tanzania. Katika milima ya Kidero, ndege walishirikiana na mtu aliyetumia mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko aliyetumia mwito wa Kiyao. Ndege wa porini, ambaye hakufugwa na mtu, amejifunza lahaja ya majirani zake. Si ajabu basi kwamba mbwa wa nyumbani hujifunza lahaja ya ua wake.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba mwito hufaulu ukiwa na umbo moja, kiimbo kinachoafiki maana, na ahadi isiyovunjwa. Linabaki jukumu la wanaisimu. Miito ya wanyama ina sauti ambazo alfabeti yetu haiziandiki, kwa hiyo ni rahisi kuachwa nje ya kamusi na sarufi. Wanafunzi wa idara zetu, watokao Molo, Njoro, Gilgil na Naivasha, wanaijua miito ya nyumbani kwao. Ikusanywe kwa kinasa sauti pamoja na maelezo ya nani huitumia, kwa mnyama gani, na kwa shabaha gani, wakati wazee walioirithi wangali wanaitumia.